Bati Lililokaa Vyema Kwenye Kiunzi: Mwongozo kwa Mlaji Anayepeleka Gari kwa Fundi Bodi

Gari linapogongwa, hasara ya kwanza huonekana mara moja: madigadi imebonyea, mlango umekunjika, rangi imebanduka. Hasara ya pili hujificha na kujitokeza miezi kadhaa baadaye, msimu mmoja wa mvua ukiisha kupita. Rangi huanza kuvimba, ufa mwembamba hutokea kando ya taa, kisha bonge zima hudondoka barabarani na kuacha tundu lenye kutu. Hapo ndipo mwenye gari anapotambua kwamba alilipia bati akapewa puti.

Katika Jiji la Dar es Salaam kazi za bodi za magari hufanyika mahali pengi, lakini eneo la Kariakoo na jirani yake Gerezani lina nafasi ya pekee. Humo mlaji hupata kwa pamoja maduka ya vipuri vipya na vya mtumba, wauzaji wa mabati na rangi, wachomeleaji na wafua vyuma ambao ujuzi wao umerithiwa kutoka kwa mafundi waliowatangulia. Wingi huo ni neema kwa mlaji, kwa kuwa humpa uhuru wa kuchagua. Hata hivyo, uhuru wa kuchagua haumfai sana mtu asiyejua tofauti ya kazi nzuri na kazi mbovu, hasa katika ufundi huu ambao kasoro zake hufunikwa na rangi kabla mteja hajafika kuchukua gari.

Makala hii inaeleza namna bati bapa linavyogeuzwa kuwa kipande cha bodi chenye mbinuko, kwa nini kazi hiyo huchukua muda na gharama, na mambo ambayo mlaji anapaswa kuyauliza, kuyaandika na kuyakagua.

KWA NINI BATI HALITOSHI KUKUNJWA

Chukua karatasi na uizungushe kwenye chupa. Itakaa sawasawa bila kukunjamana, kwa sababu ubavu wa chupa umepinda upande mmoja tu. Sasa chukua karatasi hiyo hiyo ujaribu kuifunika juu ya kifuu cha nazi. Kingo zitajikunja na kujipanda, na ukilazimisha itapasuka. Kifuu kimebinuka pande mbili kwa wakati mmoja, yaani kutoka mbele kwenda nyuma na pia kutoka kushoto kwenda kulia. Jambo hilo hilo huonekana kinyume chake unapomenya chungwa: ganda haliwezi kulazwa bapa mezani bila kuchanika.

Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwa hesabu kile ambacho wahunzi na mafundi cherehani walikijua kwa mikono: uso bapa hauwezi kugeuzwa kuwa uso wenye mbinuko wa pande mbili bila baadhi ya sehemu zake kutanuka au kujikusanya. Fundi cherehani hulitatua jambo hilo kwa kukata kitambaa vipande na kukikunja kwa ndani kabla ya kushona. Fundi bodi hulitatua kwa nyundo.

Sehemu kubwa ya bodi ya gari ina mbinuko wa aina hiyo. Madigadi huzunguka gurudumu na wakati huo huo hubinuka kuelekea nje. Paa hushuka mbele na nyuma, na pia hushuka pembeni. Kona za boneti na za mlango wa buti ni ngumu zaidi. Kiwandani, vipande hivyo hukandamizwa na mashine nzito zenye kalibu za chuma, na umbo hupatikana kwa muda mfupi. Kwenye karakana ya mtaani fundi hana kalibu hiyo, hivyo hana budi kulijenga umbo pigo baada ya pigo.

Mfano wa hesabu utasaidia kuona ukubwa wa kazi. Tuchukulie kipande cha mviringo chenye upana wa sentimita 40 kinachotakiwa kubinuka katikati kwa sentimita 5. Mstari unaopita juu ya mbinuko huo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, una urefu wa takriban sentimita 41.6. Yaani bati lililokuwa na sentimita 40 linapaswa kuongezeka karibu milimita 16 katikati, ilhali ukingo wake unabaki ulivyokuwa. Eneo la uso huongezeka kwa zaidi ya asilimia 6. Kwa kuwa chuma hakiongezwi, ziada hiyo hutoka kwenye unene: bati la milimita 0.8 hubaki na wastani wa milimita 0.75 hivi. Fundi asiye makini hulitanua bati mahali pamoja tu hadi likawa jembamba mno au likapasuka. Fundi mzuri huisambaza kazi hiyo katika uso mzima.

HATUA ANAZOPITIA FUNDI

Kazi ya kutengeneza kipande cha bodi kwa mkono huwa na hatua zinazofuatana. Mlaji akizifahamu, ataweza kuuliza maswali yenye maana na kutambua hatua iliyorukwa.

Hatua ya kwanza ni kupima. Fundi huchukua umbo kutoka upande wa pili wa gari ambao haukuumia, au kutoka kwa gari la aina hiyo hiyo, kwa kutumia kadibodi au karatasi ngumu iliyokatwa kufuata mbinuko. Kielelezo hicho ndicho kitakachoonyesha kila mara bati limefikia wapi. Fundi anayefanya kazi kwa kukadiria kwa jicho peke yake anaweza kufaulu kwenye eneo dogo. Kwenye madigadi nzima, upande mmoja wa gari utatofautiana na mwingine.

Hatua ya pili ni kukata na kutanua. Bati hukatwa likiwa na ziada kidogo pembeni. Kisha huwekwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, au juu ya gogo lililochongwa shimo, na kupigwa kwa nyundo ya mbao au ya mpira yenye kichwa cha duara. Kila pigo hulisukuma bati kuingia kwenye shimo na kulitanua kidogo.

Hatua ya tatu ni kukusanya kingo. Katikati inapobinuka, kingo hutaka kujikunja kama pindo la gauni. Fundi huyafanya mawimbi hayo kuwa madogo na yaliyopangika, kisha huyapiga taratibu kuanzia upande wa ndani ili chuma kijikusanye badala ya kulaliana. Hatua hii huhitaji subira, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Badala ya kukusanya, fundi mwenye haraka hukata mkasi kwenye ukingo, hupandisha vipande kimoja juu ya kingine na kuchomelea. Mipasuko hiyo hufunikwa na puti na kuwa mlango wa kutu.

Hatua ya nne ni kulegeza chuma. Bati linalopigwa kwa muda mrefu huwa gumu na kavu. Likiendelea kupigwa katika hali hiyo litapasuka. Kwa hiyo fundi hulipasha moto hadi liwe jekundu hafifu, akaliacha lipoe polepole lenyewe, ndipo akaendelea. Kulimwagia maji ili kuharakisha kazi si utaratibu mzuri.

Hatua ya tano ni kulainisha uso. Bati huwekwa juu ya chuma kigumu chenye mbinuko unaokaribiana na umbo linalotakiwa, kikishikwa kwa mkono upande wa ndani, na kupigwa kwa nyundo nyepesi yenye uso laini kwa nje. Mapigo huwa mengi na mepesi. Vishimo na vivimbe huondoka kimoja kimoja, na fundi huupitisha kiganja chake juu ya bati, kwa kuwa kiganja huhisi mabonde ambayo jicho haliyaoni.

Hatua ya sita ni kujaribisha kwenye kiunzi. Kipande hupelekwa kwenye gari, hushikizwa kwa vibanio, hutazamwa, hutolewa na kurekebishwa tena. Jambo hili linaweza kurudiwa mara nyingi. Bati lililotengenezwa vizuri hukaa kwenye kiunzi bila kulazimishwa. Likihitaji kuvutwa kwa nguvu ili ligusane na kiunzi, umbo lake halijakamilika, na nguvu hiyo itabaki ndani ya bati ikisubiri kuipasua puti na rangi.

Hatua ya saba ni kuchomelea. Chuma kikipashwa moto hutaka kutanuka, lakini chuma baridi kilichokizunguka hukizuia. Kikipoa hujivuta na kufupika kuliko kilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana bati lililochomelewa mstari mmoja mrefu bila kusimama hujikunja. Fundi mwangalifu hugusa nukta moja hapa, nyingine mbali na hiyo, akaacha sehemu ya kwanza ipoe, kisha hurudi kujaza nafasi zilizobaki. Kabla ya kuanza, betri ya gari hutenganishwa ili umeme wa mashine usiharibu mitambo ya gari, na sehemu zilizo karibu na tangi la mafuta huhitaji tahadhari kubwa zaidi.

Mwisho, upande wa ndani hupakwa rangi ya kuzuia kutu na maungio huzibwa kwa gundi maalumu. Upande huo hauonekani na mteja, kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa. Katika mji wa pwani wenye hewa ya chumvi na unyevu kama Dar es Salaam, kutu huanza hasa kwa ndani.

BATI LIPI LITUMIKE

Unene wa bati hutajwa kwa geji. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Vipande vya nje vya magari madogo huwa na unene wa kati ya milimita 0.6 na 0.8 hivi, unaokaribiana na geji 22. Bati la kuezekea nyumba la geji 30 lina takriban milimita 0.3, yaani chini ya nusu ya unene huo.

Kwa sababu hiyo, bati la kuezekea halifai kuzibia bodi ya gari, ingawa ni rahisi na linapatikana kila kona. Mengi ya mabati hayo hutengenezwa kwa chuma kikavu kisichokubali kutanuliwa kwa nyundo. Zaidi ya hayo, yamepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoweza kumletea fundi homa, baridi na maumivu ya kifua, na pia huharibu ubora wa kiungo. Bati linalofaa ni la chuma laini. Mwombe fundi akuonyeshe bati kabla hajalikata, na ikiwezekana risiti ya duka alikolinunua iwe sehemu ya hesabu yenu.

PUTI INA KAZI YAKE NA INA MPAKA WAKE

Si haki kuilaani puti. Hata fundi bora huitumia, kwa kuwa nyundo huacha mawimbi madogo ambayo rangi ya kung'aa ingeyaonyesha waziwazi. Puti ya magari ni utomvu wa kemikali uliochanganywa na unga laini, na hukauka baada ya kutiwa kiini chake cha kugandisha. Ikipakwa kama ngozi nyembamba, isiyozidi milimita 3 hivi, juu ya bati safi lililosuguliwa kwa msasa, hudumu miaka mingi.

Tatizo huanza puti inapopewa kazi ya bati. Puti nene haina nguvu ya kuhimili mtikisiko wa barabara. Hutanuka na kusinyaa kwa joto tofauti na chuma kilicho chini yake, na mwishowe huachana nacho. Aidha, hunyonya maji pale rangi inapopasuka, na maji hayo huisaidia kutu kutafuna bati pasipo mtu kuona. Mbaya zaidi ni puti iliyopakwa juu ya kutu ambayo haikukatwa, au juu ya tundu lililozibwa kwa gazeti, kitambaa au wavu. Hiyo si kazi iliyofanywa kwa kiwango cha chini. Mlaji aliyeambiwa kwamba bati limebadilishwa amedanganywa.

KUNYOOSHA, KUTENGENEZA AU KUNUNUA

Mlaji huwa na njia tatu, na kila moja ina mahali pake.

Kunyoosha kipande kilichopo hufaa endapo bati limebonyea bila kupasuka wala kukunjika kwa ukali. Hii ndiyo njia inayobakiza bati la kiwandani pamoja na kinga yake ya asili, na mara nyingi ni nafuu. Bati lililotanuka kupita kiasi huonekana kwa dalili moja: ukilibonyeza kwa kidole gumba huingia ndani na kurudi kwa mlio, kama kifuniko cha kopo. Eneo hilo lahitaji kukazwa kwa moto na nyundo kabla ya puti.

Kutengeneza kipande kwa mkono hufaa pale kutu ilipokula sehemu ndogo, kama vile upinde wa gurudumu au chini ya mlango, au pale ambapo kipuri cha gari la zamani hakipatikani tena. Njia hii hulipwa kwa saa za kazi kuliko kwa gharama ya bati. Mlaji anayeona bei yake ni kubwa kwa kipande kidogo akumbuke hatua saba zilizoelezwa hapo juu. Anayeshusha bei hadi chini ya thamani ya saa hizo atalipwa kwa puti.

Kununua kipande kizima cha mtumba hufaa zaidi kwa madigadi, milango na boneti za magari yanayopatikana kwa wingi. Magari mengi yaliyoko nchini yametoka Japani yakiwa yametumika, na vipuri vyake hupatikana Kariakoo na Gerezani. Kagua kipande kwa ndani kama kina kutu au alama za kuchomelewa, na ulinganishe matundu ya bolti na ya gari lako kabla ya kulipa. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki ya EFD. Risiti hiyo ni ushahidi wa ununuzi, na pia hukukinga dhidi ya tuhuma, kwa maana kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Kipuri kinachouzwa kwa bei ya kushangaza, pembeni na bila risiti, ni cha kuogopwa.

SEHEMU ZINAZOBEBA UHAI

Yote yaliyosemwa yanahusu ngozi ya nje ya gari. Chini ya ngozi hiyo kuna mifupa: chasisi, nguzo zinazoshika paa na milango, boriti za mbele na nyuma, na mahali mikanda ya usalama na viti vinapofungwa. Sehemu hizi zimeundwa ama kubaki imara ama kujikunja kwa mpangilio maalumu wakati wa ajali ili nguvu ya mgongano isimfikie abiria. Katika magari ya miaka ya karibuni nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu ya juu, ambacho hupoteza nguvu hiyo kikipashwa moto ovyo.

Kwa hiyo, iwapo ajali ilifika kwenye mifupa ya gari, usikubali inyooshwe kwa moto na nyundo peke yake. Tafuta karakana yenye vifaa vya kupima na kuvuta chasisi. Dalili za kuangalia ni milango isiyofunga kama zamani, tairi zinazolika upande mmoja na gari linalovuta kushoto au kulia hata baada ya usukani kurekebishwa. Kwa mwenye daladala au gari la shule, wajibu huu ni mzito zaidi, maana wanaobebwa hawana njia ya kujua nini kimefichwa chini ya rangi.

MAKUBALIANO KABLA YA KAZI

Migogoro mingi huzaliwa na maneno matupu. Mteja husema, "Fundi, nitengenezee hapa," na fundi hujibu, "Haina shida, mkubwa." Kila mmoja huondoka akiwa na picha yake kichwani. Karatasi moja, hata ya daftari, yenye saini za pande zote mbili, huzuia mengi. Iandikwe mambo yafuatayo:

1. Kila kipande kitakachoguswa, na kama kitanyooshwa, kitatengenezwa upya au kitabadilishwa.
2. Aina na unene wa bati, na nani atanunua vifaa.
3. Bei ya kazi ikitenganishwa na bei ya vifaa, malipo ya awali, na malipo ya mwisho yatakayotolewa baada ya ukaguzi.
4. Tarehe ya kukamilika.
5. Kwamba mteja ataitwa kuona bati kabla ya puti kupakwa, na kwamba vipande vya zamani atarudishiwa.
6. Muda ambao fundi atawajibika kurekebisha kasoro bila malipo.

Kati ya hayo, sharti la tano lina uzito kuliko yote. Kazi ya bati huonekana siku moja tu, yaani siku lilipokwisha kuchomelewa na kabla halijafunikwa. Nenda siku hiyo. Kama huwezi, omba picha za simu zinazoonyesha ndani na nje. Piga picha za gari zima pia siku ya kulikabidhi, pamoja na kiwango cha mafuta, tairi ya akiba na vitu vilivyomo.

Uliza pia ujuzi wa fundi. Wako mafundi wenye vyeti vya VETA, na mamlaka hiyo huwapima na kuwatambua hata waliojifunzia kazi karakanani. Cheti ni jambo jema. Kazi iliyokwisha kudumu mwaka mmoja au miwili, ambayo unaweza kuiona kwa macho kwa mteja wa awali, nayo ni ushahidi mzuri.

Ikiwa gari lina bima kubwa, usianze matengenezo kabla kampuni ya bima haijakagua na kuidhinisha. Na endapo utabadilisha rangi ya gari, kumbuka kwamba kadi ya usajili hutaja rangi. Taarifa hizo zirekebishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania.

KUKAGUA KAZI

Pokea gari mchana, likiwa limeoshwa na kukauka. Taa za usiku na vumbi huficha kasoro.

Simama mbele ya gari, uiname, utazame ubavu wake kwa urefu. Taswira ya nguzo za umeme au madirisha ya jengo la jirani ikijipinda ghafla juu ya rangi, pana bonde au kivimbe. Linganisha nafasi kati ya mlango na madigadi, na kati ya boneti na taa, pande zote mbili. Ziwe sawa kutoka juu hadi chini. Fungua na ufunge kila mlango. Mlango usisugue popote, wala usihitaji kuinuliwa.

Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze, uipitishe juu ya eneo lililotengenezwa. Hushika kwa nguvu penye bati lenye rangi na puti nyembamba, hulegea penye puti nene, na huanguka penye puti tupu. Jaribu kwanza sehemu ambayo haijaguswa ili upate kipimo cha kulinganisha. Kumbuka kwamba bampa nyingi ni za plastiki na baadhi ya boneti ni za alumini, na hizo hazishikwi na sumaku hata zikiwa nzima. Gonga pia kwa kidole: bati hutoa mlio wa wazi, puti nene hutoa mlio mzito uliokufa.

Mwagia maji kwenye maungio ya paa, mlango na buti, kisha uguse ndani kama pamelowa. Inua zulia la buti. Hatimaye endesha gari kwenye barabara yenye matuta na usikilize.

Ukaguzi huu humfaa vilevile mtu anayenunua gari lililotumika. Dakika kumi za sumaku na kiganja zinaweza kumwepusha na gari lililokwisha kupata ajali kubwa na kuuzwa kama halijawahi kuguswa.

KAZI IKIWA MBOVU

Anza na fundi mwenyewe, kwa utulivu, ukiwa na karatasi ya makubaliano, risiti na picha. Mpe nafasi ya kurekebisha na muandike tarehe. Mafundi wengi hulinda jina lao, na katika mtaa ambamo wateja huelekezana, jina ni mtaji. Pale penye uongozi wa mafundi wa eneo, ushirikishe.

Ikishindikana, sheria ipo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Kuuza puti kwa jina la bati ni upotoshaji wa aina hiyo. Malalamiko kuhusu ubora wa bidhaa zenye viwango, kama vile rangi na mabati, hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Mgogoro na kampuni ya bima una njia yake kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Madai ya fedha yanaweza pia kufikishwa mahakamani. Kote huko utaulizwa jambo moja: una ushahidi gani? Ndiyo sababu makala hii imesisitiza karatasi, risiti na picha kuliko maneno makali.

Lipo pia jukumu la mlaji mwenyewe. Fundi anayefua bati kwa siku mbili hawezi kushindana kwa bei na anayepaka puti kwa saa mbili, na wateja wakichagua kila mara bei ya chini bila kuuliza, fundi wa kwanza atafunga karakana au ataanza kufanya kama mwenzake. Lipa kazi kwa thamani yake, na kabla puti haijafunguliwa, nenda ukalione bati.